Mahari ya Furu

Kabla hujaniuliza kama siku ile nilikuwa na malaria, nakujibu kabisa: sikuwa nayo. Walishaniuliza wote. Mume wangu aliniuliza, katekista aliniuliza, daktari wa zahanati naye akaniuliza na kunipima, kipimo kikatoka safi. Pombe sinywi. Ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kabasa, mjini Bunda, nyumbani kwangu, mchana kweupe, nguo zimeanikwa kwenye kamba. Au wewe nawe unadhani wafu wanangoja giza? Nani alikuambia? Huyu wangu alikuja alasiri, jua linachoma, akabisha hodi kistaarabu kuliko watu wengi walio hai.

Na ujue mapema kwamba sisimulii kwa woga. Woga ulinitoka zamani. Nasimulia kwa hasira, maana nilidanganywa, tena nilidanganywa kwa adabu, na hakuna udanganyifu unaoniuma kama huo.

Chanzo ni tangi la samaki. Shemeji yangu alikuwa na hoteli Mwanza, na alipoifunga akawagawia ndugu vitu vyake. Wengine walipata magodoro, wengine friji. Sisi tukaletewa tangi la kioo la kufugia samaki wa mapambo, refu kama kabati la nguo, na jembamba kiasi kwamba mtu mnene akisimama nyuma yake anaonekana pande zote mbili. Mume wangu, Baba Nyangeta, alilipenda mno. Yeye ni mfanyabiashara wa mahindi na hajui lolote kuhusu kufuga samaki, lakini alilisimamisha sebuleni kando ya dirisha, akamwaga kokoto, akajaza maji, akafunga ile mashine ndogo ya kusukuma hewa, akatangaza kwamba wakwe wakija watakuta samaki wanaogelea.

Hao wakwe ndio jambo lenyewe. Tuna binti mmoja tu, Nyangeta. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Musoma, kijana mzuri, na familia yake ilipanga kuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuleta mahari. Mimi nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mwanangu aondoke nyumbani kwa heshima, kwa mume aliyemchagua. Samaki wa mapambo hawakuwa mawazoni mwangu hata kidogo.

Lakini nani anamsikiliza mama? Baba Nyangeta alileta sato hai, mkubwa kama sahani. Yule sato alijaribu kugeuka, pua ikagonga kioo huku, mkia ukagonga kioo kule, na asubuhi tukamkuta anaelea. Tukamla. Akaleta mumi, mwenye sharubu zake. Huyo aliruka nje na tukamkuta chini ya sofa amejaa vumbi. Nikamwambia mume wangu, tangi hili tuliwekee mchele tujue moja. Mimi ni mtu wa Butiama, kwetu ni mihogo na mtama na ng'ombe, samaki nilimjua akiwa sufuriani. Sikujua kwamba samaki naye huchaguliwa kwa nyumba atakayokaa.

Wiki hiyohiyo mama wa yule mchumba akanipigia simu kutoka Musoma. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana hali za watu na mifugo, mwisho akasema, "Mama Nyangeta, kabla ya ile siku kubwa tutamtuma kijana alete kitu kidogo cha kusafisha njia." Nikashukuru. Weka maneno hayo akilini, maana ndiyo yaliyoniponza.

Basi alasiri moja niko peke yangu sebuleni, nasikia hodi dirishani. Si mlangoni, dirishani.

"Hodi, mkwe."

"Karibu, baba. Mlango uko wazi."

"Hapana, mkwe. Hapa panatosha."

Nikachungulia. Nje ya dirisha amesimama kijana mrefu, shati la kijani, amenipa mgongo. Anatazama kamba ya nguo. Sikushangaa, na usinicheke. Kwetu, jinsi nilivyolelewa, mume wa binti yako hakutazami usoni, hakupi mkono, na ulipokaa yeye haingii. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Siku hizi nani anajali? Vijana wanamkumbatia mama mkwe na kupiga naye picha wametoa ulimi. Nilipomwona huyu amenigeuzia mgongo, moyo wangu ulifurahi kweli. Nikajisemea, hawa watu wa Musoma wamelelewa. Nikamchukulia kuwa ni mdogo wake mchumba, aliyejifunza adabu kutoka kwa bibi yake.

Shati lake lilikuwa limeloa, limegandia mgongoni.

"Umeloa, baba. Mvua imekukuta wapi?"

"Njiani kulikuwa na maji, mkwe."

Bunda ilikuwa vumbi tupu. Lakini mvua ya huku unaijua, inaweza kunyesha Kiabakari na hapa usione hata wingu.

Halafu, bila kugeuka, akaanza kuzungumzia tangi letu. Mgongo kwangu, uso kwenye nguo, anaeleza tangi lililo ndani ya nyumba ambayo hajaingia. Hapo ndipo ningepaswa kupiga kelele. Badala yake nikadhani Nyangeta amemsimulia mchumba wake.

"Tangi yenu imesimama, mkwe, haijalala," akasema. "Sato inatakaga kugeuka, hapo itageukia wapi? Sangara usiweke, itakula wenzake. Kamongo usiweke, inapandaga juu kuvuta hewa, utaichosha na safari. Tangi ya hivi inataka samaki ndogo, inayokaaga karibu na mawe, inapanda na kushuka. Weka furu."

"Furu wale wadogo?"

"Haohao. Lakini usijaze. Panga mawe kutoka chini mpaka juu, kila furu apate chumba yake. La sivyo dume kubwa itafukuza wenzake mpaka wachoke. Na hewa ya majini inaingiliaga juu, mkwe, na huko juu kwenu ni padogo. Umeme ukikatika, chota maji na kikombe, mwaga kutoka juu yarudi kwa kishindo. Usiache wafe."

Hilo la mwisho alilisema polepole. Kisha akainama, akaweka dumu la njano lililokatwa mdomo mbele ya mlango wangu, akarudi dirishani, mgongo uleule. Nikatoka, nikalichukua. Lilikuwa na maji baridi sana, kama yametoka kwenye mtungi, na ndani mnazunguka furu, dume mmoja wa bluu na majike ya rangi ya majani makavu.

"Umepokea, mkwe?"

"Nimepokea, baba. Asante sana."

"Umepokea kwa ajili ya nani?"

Swali gani hilo? Lakini mtu anapokuwa na furaha hachunguzi maneno. Nikajibu, "Kwa ajili ya Nyangeta, mwanangu."

"Basi, imetosha," akasema. Akaenda zake, anapita kando ya ukuta bila haraka. Nilipotazama pale aliposimama, chini palikuwa pakavu, vumbi halina hata tone. Ila nguo zangu kwenye kamba, zile zilizokuwa zimekauka tangu saa sita, upande ule aliokuwa anautazama zilikuwa zinadondosha maji.

Niamini, nilizianika upya nikamlaumu jirani kwa kumwagilia bustani ovyo.

Furu wakalipenda tangi. Nilipanga mawe kama nilivyoelekezwa, na kila mmoja akachukua tundu lake, dume akajitwalia ghorofa ya katikati. Baba Nyangeta alikuwa anakaa mbele yao na chai yake mpaka inapoa. Alikuwa anasema, unaona sasa, samaki ni kujua kuchagua, kana kwamba ni yeye aliyechagua.

Siku mbili baadaye pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka kijana mfupi, anatafuna bazoka, akaingia moja kwa moja, akanishika mkono, akanitazama usoni, akaniambia, "Shikamoo mama, nimetoka Musoma, mama amenituma." Alikuwa na mfuko wa sukari na doti ya khanga. Alikuwa amechelewa, pikipiki ilimharibikia.

"Na yule wa kwanza aliyeleta samaki?" nikamuuliza.

"Samaki gani, mama? Nimetumwa mimi peke yangu."

Nikapiga simu Musoma pale pale. Mama wa mchumba akasema hawajatuma mtu mwingine, na samaki watume wa nini, Bunda si kuna samaki?

Mchana uliofuata ndio niliojua kwamba jambo hili si la mzaha. Nyangeta alikuwa amelala kidogo baada ya kula. Nilipotoka jikoni nikamkuta amesimama mlangoni, begi lake limefungwa, khanga zangu mbili nzuri ziko ndani, miguu peku. Macho wazi, lakini hanioni.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Si mmeshapokea, mama?" akasema. "Mbona hamnipeleki?"

"Tukupeleke wapi?"

"Kibara. Wananingoja majini."

Nikamshika mabega, nikamtikisa. Akaamka, akaangalia begi, akaniuliza kwa nini nimefunga nguo zake. Hakukumbuka lolote. Nilikaa chini sakafuni nikalia, halafu kilio kikageuka kuwa hasira. Nani huyo? Nani anakuja kwangu kwa hila na kumchukua mwanangu kwa dumu lililokatwa?

Kibara tuna ndugu, dada wa mume wangu, wifi yangu anayeanika dagaa ufukweni. Nikampigia, nikamweleza: mrefu, shati la kijani, hageuki.

"Wifi," akasema, "huyo ni Bwire. Alizama mwaka juzi, mtumbwi ilipinduka. Shati ya kijani ndiyo aliyokuwaga amevaa. Hatukumpata mpaka leo."

"Na mwanangu amemjulia wapi?"

"Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza Nyangeta. Akajifunika uso. Alipokuwa shule alikuwa anakwenda Kibara likizo, kumsaidia shangazi yake, na huyo Bwire alikuwa anapita pale na furu wake wa chambo, anamtania. "Nilimtaniaga tu na mimi, mama," akasema huku analia. "Nilimwambia, kama unanitaka, peleka mahari kwa mama yangu. Tulichekaga wote. Mama, si ulikuwa utani?"

Nilimwambia ndiyo, ulikuwa utani, na sikumgombeza. Msichana wa shule atajuaje kwamba kuna mtu atalibeba neno hilo mpaka chini ya ziwa na kurudi nalo?

Lakini mimi nilikuwa nimepokea. Unaelewa uzito wake? Nilipokea kwa mikono miwili, nikataja jina la binti. Kwetu binti hapokelewi mahari mbili. Ukishapokea ya mmoja na hukuitaka, unairudisha yote, nzima, hai, mkononi mwa aliyeileta. Ng'ombe akifia zizini kwako, hapo huna la kurudisha, na mwenye mahari ana haki ya kudai mke. Ndiyo maana aliniambia nisiache wafe. Kumbe alikuwa ananipa masharti, na mimi nikadhani ananifundisha ufugaji.

Nikamwambia mume wangu twende Kibara tukawarudishe. Unajua alisema nini? Alisema samaki wake hawaendi popote, wakwe wanakuja, na mimi nipunguze kusikiliza simu za dada yake. Akamleta katekista. Katekista akasali vizuri, akanyunyiza maji ya baraka sebuleni, mengine yakaingia kwenye tangi, na furu wakapanda wakidhani ni chakula. Kesho yake mchana Nyangeta akafunga begi tena.

Nikabaki mlinzi wa samaki. Mimi, mwanamke wa Butiama, ninayeweza kumkamua ng'ombe mkali bila kumfunga miguu, nikawa nahesabu pumzi za furu. Umeme ukikatika, na Bunda unakatika utakavyo, mashine inanyamaza, na baada ya muda wote wanapanda juu kwenye kile kinafasi chembamba, wanagombania hewa, midomo wazi. Nachota na kikombe, namwaga, nachota, namwaga, mpaka bega linawaka. Jike mmoja alinitia hofu zaidi ya wote. Alikuwa hali. Nikitupa chakula wenzake wanakimbilia, yeye amejificha nyuma ya jiwe, mdomo ameufumba, mashavu yamevimba kama mtoto mwenye matubwitubwi. Nikasema huyu anakufa, huyu ndiye atakayeniuzia mwanangu. Nilimsalia rozari yule samaki. Ndiyo, samaki. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Siku ile wakwe wamebakiza siku chache tu kufika, Baba Nyangeta alirudi mapema kutoka sokoni. Alimkuta binti yake barabarani, begi kichwani, peku, anaelekea njia ya Kibara. Alipomshika mkono, Nyangeta akamwambia kwa upole, "Baba, mnanichelewesha." Mume wangu aliingia nyumbani amepauka. Hakusema neno juu ya dada yake wala juu ya simu. Aliwasha kirikuu, kile kigari chake cha kubebea mahindi, akaniambia nilete dumu.

Na ajabu, asubuhi hiyohiyo yule jike mgonjwa alikuwa amekula. Mashavu yamerudi, mdomo umefunguka, amekula kwa pupa kuliko wote. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Nikawavua wote kwa kawa la chandarua la kufunikia chakula, mmoja mmoja, nikawaweka kwenye dumu lao lilelile la njano. Nyangeta tukamwacha kwa jirani mwenye mlango wa chuma.

Njia nzima nilikuwa nimebana dumu kati ya magoti, nachota na kumwaga. Tulifika Kibara jua liko kichwani. Wifi alitupeleka ufukweni, mbali kidogo na wanawake wa dagaa, pale ambapo mtumbwi wa Bwire ulikuwa unafungwa, akaniambia, "Mume wako abaki kwenye gari. Hii ni yako na mkweo. Na wewe mpe mgongo, usimtazame." Akaenda kusimama pembeni na wenzake.

Nikaweka dumu kwenye mchanga, nikaligeuzia ziwa mgongo. Maji yalikuwa yametulia, hayana hata kiwimbi. Nikasubiri. Nikahisi ubaridi kwenye visigino, ile harufu ya tope la chini kabisa, halafu sauti, karibu sana.

"Hodi, mkwe."

Hapo ndipo ningezimia, si ndiyo? Sikuzimia. Hasira yote niliyoibeba kutoka Bunda ilinipanda kooni.

"Usiniite mkwe!" nikasema. "Wewe umelelewa na nani? Unajua kunipa mgongo, unajua kukaa nje, hujui kwamba mahari hailetwi na muoaji mwenyewe? Wazee wako walikuwa wapi? Mshenga wako ni nani? Uliona wapi mtu anaposa peke yake dirishani, kwa dumu, kwa mwanamke aliye peke yake, baba mwenye nyumba hayupo? Hiyo si mahari. Huo ni wizi wenye salamu. Samaki wako hawa hapa, wote, wazima. Wachukue, na mwanangu umwache."

Nikasikia maji yakidondoka kwenye mchanga, tone, tone. Nikadhani nimemkasirisha, nikafumba macho nikamwita Bikira Maria.

"Ni kweli, mkwe," akasema mwishoni, na sauti yake ilikuwa ya kijana aliyeaibika. "Wazee hawakuwepo. Nilikosaga mtu wa kunisindikiza."

Nakuambia ukweli, nilimwonea huruma. Kwa muda mfupi tu. Kijana wa watu, hana kaburi, hana mke, hana hata mzee mmoja wa kumsemea. Lakini huruma yangu siyo ya kumlipa kwa binti yangu.

"Wahesabu," nikamwambia.

Kwa pembe ya jicho, na hili silijutii, niliuona mkono ukishika dumu. Vidole vilikuwa vyeupe na vimekunjamana, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Furu wakarukaruka ndani, kana kwamba wanamjua.

"Ng'ombe wangu nimepokea wote," akasema. "Ndama nitawafuata mwenyewe."

Sikuelewa. Ndama gani? Nikadhani ni maneno ya kuagia ya watu wa huko alikokuwa. Nikasikia hatua zikiingia majini, kwa mwendo uleule usio na haraka, mpaka hazikusikika tena. Nilipogeuka, ziwa lilikuwa tupu na dumu halikuwepo.

Wifi na wanawake wa dagaa waliona. Walichoona wao ni mimi nikigomba peke yangu, na dumu likiburutika kwenye mchanga mpaka majini bila mtu. Leo ukiwauliza wanasema lilichukuliwa na wimbi. Wimbi! Siku ambayo ziwa lilikuwa limelala, wimbi likachagua dumu langu na kuviacha viatu vyangu vilivyokuwa mbele yake? Watu wanaweza kusema uongo huku wamekutazama machoni, mradi tu walale vizuri.

Tulirudi Bunda na furaha. Nyangeta alikuwa amekaa kwa jirani anasuka nywele, anacheka, mguu mmoja juu ya mwingine. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Nikaingia ndani nizime ile mashine ya tangi, maana ya kazi gani tena? Nikainama kutafuta swichi, uso wangu ukawa karibu na kioo.

Katikati ya mawe, kuanzia chini mpaka juu, kulikuwa na vidoa vidogo kama mbegu za ulezi. Vina macho. Vinaogelea.

Baadaye mvuvi mmoja alinieleza, akishangaa kwamba sijui: furu jike hubeba mayai yake mdomoni, hali chakula mpaka watoto waanguliwe, ndipo huwatema. Kila mtu wa ziwani anajua. Sasa mtu wa Butiama atajulia wapi? Nilimsalia rozari mgonjwa asiyeumwa, na siku niliyomshukuru Mungu kwa kupona kwake ndiyo siku aliyoacha watoto wake kwenye mawe yangu. Na wewe unajua, kama wajuavyo wafugaji wote wa Mara, kwamba mahari ikirudishwa inarudi na uzao wake. Ng'ombe bila ndama, deni halijaisha.

Niliwapeleka. Usidhani nilikaa. Niliwavua wachache niliowaona, nikaenda Kibara, nikasimama palepale na mgongo wangu, kutwa nzima, jua likanichoma shingo. Hakuja mtu. Wifi akasema niwamwage tu. Nimwage mahari? Mahari hairudishwi kwa kumwagwa, inarudishwa kwa kupokelewa. Nikarudi nao.

Nyangeta aliolewa. Wakwe walikuja Jumamosi ile na wazee wao, na mshenga wao, wakaketi, wakala, wakalisifu tangi, wakashangaa kwa nini halina samaki. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nawaona wale wadogo. Anaishi Musoma na mumewe, hajafunga begi tena, na ana binti mdogo anayeanza kutambaa. Kwa hilo nashukuru. Lakini mimi nimekuwa mchungaji wa mifugo ya marehemu. Wale vidoa wamekua, wana madume ya bluu, wana majike, na kila mara naona jike amefumba mdomo. Tangi jembamba, haliongezeki. Nikiwagawa, nimegawa mali ya mtu. Wakifa, nimeua mali ya mtu. Nauliza, kosa langu ni nini? Kupenda kijana mwenye adabu?

Mwezi uliopita Nyangeta alikuja kutusalimia na mtoto. Alasiri, Nyangeta ametoka kidogo dukani, mtoto amekaa kwenye mkeka anapiga kioo cha tangi kwa kiganja chake, anacheka na furu. Nikasikia maji yakidondoka nje ya dirisha.

"Mkwe. Ndama zangu zinakulaga vizuri?"

Sikuinuka. "Njoo uwachukue! Leo hii!"

"Bado wadogo," akasema, kwa upole wake uleule. "Watunze, mkwe. Safari hii nitakuja na wazee."

Nikamnyakua mjukuu wangu, nikamgeuzia uso ukutani mpaka mama yake aliporudi. Sijamwambia. Utamwambiaje mtu jambo kama hilo, naye anakupa mtoto umbebe? Lakini mtoto huyo haji tena hapa kwangu. Namfuata mimi Musoma, na wanaona ajabu, wanasema bibi gani hataki mjukuu aone nyumba yake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kupamba sebule, nunua maua. Ukitaka samaki lazima, usilitamani tangi lililosimama kama mlango, tafuta lililolala, lenye uso mpana. Chagua samaki wako mwenyewe, kwa mtu unayemwona pua na macho. Jike akifumba mdomo, usimsalie, mfungue uone. Na mtu akikuletea zawadi huku amekupa mgongo, hata awe na adabu ya namna gani, usiseme nimepokea mpaka ageuke.

Umesikia? Mashine imenyamaza. Umeme umekatika tena. Niache nitafute kikombe.